Viti vya Mbele

Siku ya kwanza Mwanabaraka alidhani ni yeye aliyesahau. Viti viwili vya meza ya kulia vilikuwa vimegeuzwa, vinatazama televisheni. Akavirudisha. Kesho yake alivikuta vimegeuka tena, na vimekisogelea zaidi kigari cha kukalia cha Bi Winifred.

Bi Winifred alikuwa na miaka mia na moja, na hata kikombe kilimshinda kunyanyua. Aliishi peke yake kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, Edmonton, huko kwa Waingereza. Mwanabaraka, mzaliwa wa Wete, alikuja kila mchana kumwosha, kumlisha na kumwekea filamu za zamani zisizo na rangi, alizozipenda tangu usichana.

"Nani anavigeuza viti, bibi?"

"Wateja," akajibu taratibu. "Filamu ikianza lazima wakae."

Juma lile ikaja harufu ya vumbi la chokaa lililolowa, na ya nywele zilizoungua. Alhamisi saa kumi, giza la Novemba limeshaingia, bibi alitaka mapazia yafungwe pasibaki ufa, kama wakati wa vita, ndege za Wajerumani zisione mwanga. Mwanabaraka akayafunga. Ndipo nyuma yake, mlangoni, sauti ya mwanamke ikauliza kwa adabu kama viti vya mbele vipo, naye akageuka asione mtu, akataka kusoma Ayatul Kursiy ulimi ukawa mzito, na kabla hajapata neno la kwanza Bi Winifred akajibu, "Vipo, karibuni," na vile viti viwili, kimoja baada ya kingine, vikalia kwa uzito wa kukaliwa.

Filamu ilipokwisha, Mwanabaraka alinong'ona: "Ni nani hao?"

Bibi akamsimulia. Mwaka 1940, akiwa na miaka kumi na sita, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti kwa tochi kwenye sinema. King'ora kilipolia, mama mmoja alimshika bintiye mkono, akawa anatoka.

"Nikamwambia abaki, filamu imekaribia kwisha, nitampa viti vya mbele." Akaitazama televisheni. "Bomu liliangukia mbele."

Jumamosi Mwanabaraka alimleta ami yake, Mzee Musab wa Southall, ambaye watu humwita kuwasomea wagonjwa Kurani. Alisoma tangu adhuhuri. Harufu ikazidi tu.

"Wafu hawarudi, mwanangu," akamwambia Mwanabaraka kwa Kiswahili. "Hili ni jini. Limeivaa sauti ya yule mama, na bibi hulikaribisha kwa kinywa chake. Alikatae mwenyewe. Mimi silitoi."

Mwanabaraka akamfasiria. Bi Winifred akatikisa kichwa. "Niwafukuze? Baada ya yale niliyowatenda?"

"Bibi, tazama. Viti vimeshagusa magurudumu yako."

Saa kumi sauti ikaja. Viti vya mbele vipo? Bi Winifred akaukamata mkono wa Mwanabaraka kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, na sauti ikauliza tena, safari hii kutoka karibu na sikio la bibi, na pamoja nayo pumzi ndogo za mtoto, na chokaa ikawa inadondoka juu ya shuka la miguuni ilhali dari ilikuwa nzima, mpaka bibi akafumba macho akasema:

"Hakuna nafasi. Mpeleke mtoto nyumbani. Nenda, nenda sasa hivi!"

Mlango ukafunguka. Baridi ikaingia. Viatu vizito na viatu vidogo vikashuka ngazi hadi visisikike.

"Muulize ami yako," bibi akasema huku akilia. "Wamefika nyumbani?"

"Mwambie hapakuwa na mama wala mtoto," akasema Ami Musab. "Lilikuwa jini tu."

Mwanabaraka akautazama ule uso wa kizee.

"Anasema wamefika."

Kiingereza cha Ami kilikuwa kidogo, lakini hilo alilielewa. Walipofika kwenye ngazi akamgeukia.

"Kwa nini, Mwanabaraka? Sasa kwake ni watu. Atawapenda."

"Ana miaka mia na moja, Ami. Mwache alale."

Ami akainua kidole, akasikiliza. Huko juu, nyuma ya mlango waliokwisha kuufunga kwa ufunguo, Bi Winifred alikuwa anazungumza. Kisha akacheka kwa furaha.

"Mmekuja kunishukuru?" akasema. "Haya ingieni, nje baridi."