Hoteli ya Gakindu na Cherehani ya Mama

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Zuena ilikuwa kukunja godoro. Asipolikunja, mlango haukufunguka, na mlango usipofunguka hakuna aliyeweza kwenda kuteka maji wala kuwahi msikitini. Chumba kilikuwa kimoja, cha kupanga, katika mtaa wa Majengo mjini Nyeri. Watu wa nyumba mbili walilala humo wakitenganishwa na pazia: upande wa dirisha Mjomba Salim na mkewe, upande wa mlango Zuena na wazazi wake. Akishakunja godoro, Zuena aliwasha jiko la makaa barazani, akabandika chai, kisha akakiondoa kitambaa kilichofunika cherehani ya mama yake na kukikung'uta vumbi.

Kitambaa hicho kilikuwa cheupe, na mama yake, Kibibi, alikitarizi maua mekundu kwa mkono wake. Cherehani yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuzungusha kwa mkono. Ndicho kitu cha maana pekee walichofika nacho kutoka Jinja, nchi ya Uganda, mwaka huo wa 1975. Vingine waliviacha. Yakubu, baba yake Zuena, alikuwa mwokaji mikate huko kwa miaka mingi. Siku tajiri wake alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, tanuri lilipewa mtu asiyejua unga wala hamira, na baada ya miaka miwili mitatu likazimika. Kwa hiyo walifunga virago wakaja kwa Salim, ndugu yake Kibibi, aliyekuwa ameishi Majengo tangu kabla ya uhuru.

Kibibi hakukaa bure hata wiki moja. Aliweka cherehani barazani, akashona kanzu, viraka na sare za shule, na kila jioni Zuena aliibeba kuirudisha ndani. Watu wa Majengo ni wepesi kujua nani anashona vizuri, na wepesi zaidi kujua nani anashona vibaya. Kibibi walimpenda. Fedha zake zilinunua unga na makaa, na nyumba ilikwenda.

Aliyekosa raha ni Yakubu. Mwanamume aliyezoea kuamka kabla ya jogoo sasa aliketi barazani akimtazama mkewe akizungusha mkono wa cherehani.

"Shemeji," Salim alimwambia jioni moja, "nimesema na tajiri wetu pale tunapooka mikate. Kazi ya tanuri ipo. Mshahara si mkubwa, lakini utakaa na watu, utajua mji huu unakula nini na unakula lini. Fanya mwaka mmoja. Baadaye ukitaka kufungua kitu chako, utakuwa unajua unafungua nini."

Yakubu alitikisa kichwa. "Shemeji, nimefanya kazi ya mtu tangu sijaoa. Sikuiba, sikuchelewa. Tajiri alipofukuzwa, mimi nilifukuzwa naye, na kosa sikujua. Mlango wa mtu mwingine ukifungwa unakuacha nje. Safari hii nataka mlango wangu mwenyewe."

Salim hakumsukuma zaidi. Hata Zuena, aliyekuwa akichambua mchele karibu yao, aliona kwamba baba yake alikuwa na haki ya kusema hivyo. Machungu ya Jinja hayakuwa ya kusimuliwa, yalikuwa bado yanauma.

Mwezi wa Novemba Yakubu alisikia kwamba kuna hoteli inauzwa Gakindu, kule Mukurweini kwenye mashamba ya kahawa. Jumamosi moja alikwenda kuitazama, akamchukua Zuena. Mwenye hoteli aliitwa Moffat, mtu mnene mwenye kofia ya sufu.

"Kiti iko, meza iko, sufuria iko," Moffat alisema. "Na nyuma kuna chumba ya kulala. Nyumba tu ndio ya kupanga. Mimi nataka kwenda Nanyuki. Angalia mwenyewe hii kazi."

Yakubu aliangalia. Hoteli ilijaa watu mpaka mlangoni. Wachumaji wa kahawa waliotoka kupeleka mizigo yao kiwandani walikuwa wamesimama wakinywa chai na kula mandazi, na wengine wakingojea nafasi nje. Yakubu alimega andazi moja akalitafuna polepole, kisha akacheka. Andazi lilikuwa zito na bichi katikati. Kama watu hawa walipigania andazi kama hilo, wangefanyaje wakionja lake? Zuena hakuwa amemwona baba yake akicheka tangu Jinja.

Alipotumwa kuchota maji, Zuena alikutana mferejini na msichana wa rika lake aliyeitwa Wakonyo. Wazazi wake walikuwa na shamba dogo la kahawa hapo karibu.

"Ati baba yako ananunua kwa Moffat?" Wakonyo aliuliza.

"Ndiyo. Umeona watu walivyojaa?"

"Hii watu ni ya kahawa," Wakonyo alisema, akipandisha ndoo yake kichwani. "Kahawa ikiisha, Krismasi ikipita, kila mtu anakunywa chai kwao. Moffat mwenyewe hufunga, anaenda kuuza viazi. Hapa hubaki karani wa kiwanda na mbwa wake."

Zuena alirudi na maji yake. Alipita nyuma ya hoteli akakichungulia kile chumba. Kilikuwa na dirisha, na mlango wake ulifunguka nje, usioweza kuzuiwa na godoro la mtu yeyote. Akawazia kulala humo bila kusikia mkoromo wa mjomba nyuma ya pazia. Kisha akasikia baba yake akicheka tena huko mbele.

"Umekawia. Kulikuwa na foleni?" Yakubu alimwuliza alipoingia.

"Ndiyo, Baba," Zuena alijibu. Maneno ya Wakonyo hakuyasema, wala Yakubu hakumwuliza Moffat kwa nini mtu aache hoteli iliyojaa hivyo.

Bei ilipotajwa nyumbani, akiba yao haikutosha. Macho ya Yakubu yaliangukia kwenye cherehani. Kibibi aliyafuata macho hayo, akaelewa.

"Mama Zuena," Yakubu alisema kwa sauti ya chini, "kabla ya Ramadhani nitakurudishia. Hii au nzuri zaidi."

"Sitaki nzuri zaidi," Kibibi alijibu. "Hii naijua." Lakini alikuwa mke aliyemwona mumewe akinyong'onyea siku baada ya siku, na moyo wake ulimhurumia. Kesho yake aliibeba mwenyewe mpaka katikati ya mji, kwa fundi mmoja wa nguo aitwaye Watiri aliyekuwa na baraza lake karibu na soko. Watiri aliijaribu kwenye kipande cha khaki, akalipa bila kubishana. Kibibi alimwachia pia kile kitambaa chenye maua, kwa sababu cherehani bila kitambaa huingia vumbi.

Wiki za mwanzo Gakindu zilikuwa tamu. Mandazi ya Yakubu yalikuwa mepesi, yenye iliki, na wachumaji waliyasifu mpaka akaona haya. Kibibi alipika chai, Zuena aliosha vikombe, na usiku walilala katika chumba chao wenyewe. Yakubu alipiga mahesabu yake ya Ramadhani kwa furaha.

Krismasi ikapita. Asubuhi moja ya Januari Yakubu alikaanga mandazi kama kawaida, akafungua mlango, akasimama na taulo begani. Karani wa kiwanda alikuja, akanywa chai kikombe kimoja, akaenda zake. Mbwa wake alibaki mlangoni akinusa. Hakuna mwingine aliyekuja.

"Labda wamechelewa leo," Yakubu alisema.

Kesho yake hali ilikuwa ileile, na wiki iliyofuata pia. Alipunguza unga, kisha akapunguza tena. Akaweka pilau, akidhani watu wamechoka na mandazi. Wenyeji walipita wakamsalimu kwa heshima, wakaenda kula githeri yao ya mahindi na maharagwe nyumbani kwao. Hawakumchukia hata kidogo, na hilo lilimwumiza zaidi, kwa maana hakuwa na wa kumlaumu. Shuleni Wakonyo alikaa dawati moja na Zuena. Siku moja alimtazama akila andazi la jana, akasema pasipo ubaya wowote, "Si nilikuambia?" Zuena aliliweka andazi chini.

Alimwona baba yake akikonda. Kodi ya jengo ilipomshinda, Yakubu aliuza meza, kisha viti, kisha sufuria ile kubwa. Siku waliyofunga, alifagia hoteli tupu kwa uangalifu mkubwa, pembe hadi pembe, kama mtu anayengojea wageni. Kibibi alimwambia aache. Hakuacha mpaka alipomaliza, ndipo akaketi sakafuni na kulia. Zuena hakuwahi kuona baba yake akilia, na alitamani ardhi immeze.

Walirudi Majengo, kwenye pazia lilelile. Salim aliwapokea bila kusuta. Alivuta godoro lake karibu na dirisha ili wapate nafasi. Kwenye mikate, kazi ya tanuri ilikuwa imekwisha kupewa kijana mmoja, Gatimu. Kulikuwa na kazi ya kupakua magunia ya unga tu. Yakubu aliichukua. Alirudi jioni mweupe wa unga kichwani, mgongo ukimwuma, akala, akalala.

Kibibi naye alikwenda kwa Watiri kuuliza kazi. Watiri alikuwa na wateja wengi kuliko mikono yake.

"Keti pale," alimwambia, akionyesha cherehani ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu. "Hii mashini inasumbua mimi. Inakata uzi kila saa. Labda itaskia wewe."

Kibibi alikiondoa kitambaa. Aliingiza uzi, akalegeza kijiskrubu kimoja kwa ukucha, akashona mshono ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo akawa mwajiriwa katika cherehani yake mwenyewe.

Miezi ilikwenda. Ramadhani ilipokaribia, tajiri wa mikate alikuwa amekwisha kugundua mikono ya Yakubu ina ujuzi gani, akamhamishia kwenye tanuri pamoja na Gatimu. Mishahara miwili iliwawezesha kupanga chumba chao, kidogo, nyumba mbili kutoka kwa Salim. Njaa iliondoka, lakini cherehani haikurudi.

Alasiri moja Zuena alipitia kwa Watiri kumsubiri mama yake. Alimtazama akishona sare za watoto wa wengine, na jambo alilolificha tangu Novemba likamshinda.

"Mama, mimi nilijua," alisema. "Wakonyo aliniambia mferejini kwamba wale watu ni wa kahawa tu. Sikumwambia Baba. Nilikitaka kile chumba. Na Baba alikuwa anacheka." Machozi yalimtoka.

Kibibi aliacha kuzungusha. Aliuweka mkono wake juu ya cherehani.

"Pengine baba yako asingekusikiliza," alisema. "Mtu mwenye uchungu hasikii upesi. Lakini angekuwa ameambiwa, angepata nafasi ya kuuliza. Wewe ulimnyima nafasi hiyo. Ukijua jambo la kweli, mwanangu, liseme hata kama litaondoa kicheko usoni mwa unayempenda."

"Basi kosa ni langu?"

"Kosa ni letu sote. Baba yako alitazama siku moja akadhani ameona mwaka mzima. Mimi nilitoa cherehani bila kuuliza swali hata moja. Mjomba wako hakusema biashara ni mbaya, na baba yako hakukosea kutaka mlango wake. Lakini sisi ni wageni, na mgeni hajui msimu wa mahali. Aajiriwe kwanza, akae na watu, aone mvua yao na kiangazi chao. Kazi ya mtu si aibu ikiwa unajifunza huku unakula. Hoteli tungeinunua baadaye, tukijua tunanunua nini."

"Na sasa tumechelewa?"

"Hatujachelewa. Baba yako anajifunza Nyeri, na mimi najifunza wateja wa Watiri. Itatuchukua miaka. Futa machozi."

Watiri alitoka ndani na funguo mkononi, ishara kwamba siku imekwisha. Kibibi aliupangusa mkono wa cherehani kwa upindo wa leso yake, akaondoa nyuzi zilizobaki, akaifunika kwa kitambaa chake akikinyoosha kila pembe. Zuena, kwa mazoea ya zamani, aliinama ili aibebe.

"Iache, Zuena," mama yake alisema taratibu. "Ina wenyewe."

Zuena aliiacha. Watiri alifunga mlango, na mama na binti wakashuka kuelekea Majengo, mikono yao ikiwa mitupu, kwenda kumpikia Yakubu kabla hajarudi kutoka kazini.