Chumba cha Idi Hakingoji Mwezi

Bayumi alikuwa muuza samaki katika soko la Mansura. Yeye mwenyewe hakununua kitu asubuhi hata siku moja. Nyanya alinunua jioni, zikiwa zimelegea. Mboga alinunua jioni, zikiwa zimenyauka. Hata viatu vya Idi vya watoto alivinunua duka likifungwa. Ndiyo maana mwaka mmoja binti yake alikwenda kuamkia ndugu na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

"Kila kitu kina jioni yake," Bayumi alikuwa akisema. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mvumilivu wa nyumba hii hula zilizooza," mkewe Insaf alimjibu.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Walikuwa wamekwisha kufuturu. Binti zao pacha, Hanim na Shahira, walikuwa ngazini wakicheza na taa zao za Ramadhani. Insaf aliweka birika la chai mezani, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Hanim, umeshakodi chumba cha Ras el-Barr?"

"Chumba gani tena?"

"Cha hoteli. Cha Idi. Chumba chenye kitanda, chenye bahari dirishani, na chenye mtu mwingine wa kuosha vyombo."

Bayumi akapuliza chai, ingawa ilikuwa imepoa. Alikumbuka mwaka uliopita. Walifika Ras el-Barr siku ya Idi mchana, na mizigo yao, bila kuweka chumba. Kila hoteli ilikuwa imejaa. Moja tu ilikuwa na nafasi, lakini bei yake ilikuwa kali mno. Bayumi aliuliza kama ni pamoja na bahari yenyewe.

Basi wakaenda Dumyat, kwa shangazi yake Bayumi, Hajja Tafida. Nyumba ilijaa watu hadi jikoni. Bafuni mlikuwa na bata. Ukitaka kuoga, kwanza uwaombe bata radhi. Insaf aliosha vyombo kutwa, siku zote za Idi. Bahari hakuiona. Aliisikia tu, wengine waliporudi na kuisifu.

"Mwaka huu sikubali," alisema Insaf. "Nikisikia bata analia, nachukua watoto nakwenda kwa mama, Zagazig. Nakaa huko mpaka Idi ya kuchinja. Wewe baki na mikizi yako."

Bayumi alimtazama vizuri. Insaf akifanya mzaha hucheka yeye kwanza. Safari hii hakucheka.

"Mama Hanim, chumba tutapata," alisema. "Lakini tumia akili. Leo nitakodi chumba cha Idi, na Idi yenyewe ni lini? Mwezi haujaandama. Huenda Idi ikawa Ijumaa. Huenda ikawa Jumamosi. Nikilipia Ijumaa, halafu mwezi usionekane? Nitakuwa nimetoa hela zangu kwenda kufunga Ramadhani mbele ya bahari!"

"Kwa hiyo?"

"Tungoje watangaze mwezi. Wakitangaza tu, napiga simu. Tena saa hizo vyumba vitakuwa rahisi. Chumba ni kama samaki. Usiku ukiingia hakijauzwa, kimeoza. Mwenye hoteli ataniomba mimi."

"Mwaka jana alikuomba?"

Bayumi akarudi kupuliza chai.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Nagwan, jirani wa chini, na sahani ya katayif za moto, vile vitafunio vitamu vya Ramadhani. Bi Nagwan alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli za Bahari ya Shamu ujana wake wote. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wageni na kuwapangia vyumba. Sasa alikuwa amestaafu, na hakuna aliyempigia simu ila dada yake.

"Nimewasikia tangu ngazi ya kwanza," alisema. "Nani ameoza?"

Insaf akamsimulia yote. Bi Nagwan akaketi, akala katayif moja kati ya zile alizozileta mwenyewe, akamgeukia Bayumi.

"Bwana Bayumi, umesema kweli. Chumba ni kama samaki. Usiku ukipita kitupu, hela ya usiku ule imekwenda."

"Umesikia?" Bayumi alimwambia mkewe. "Mtu wa kazi huyo!"

"Ngoja nimalize. Siku za kawaida, jioni, samaki wamebaki. Unafanyaje?"

"Napunguza bei. Sitalala nao."

"Na siku ya kuamkia Shamu Nasim, sikukuu ya machipuko, wakati Mansura nzima inataka samaki?"

Bayumi akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Siku hiyo? Asubuhi nauza kwa bei yangu. Kufika adhuhuri nimepandisha. Ikifika alasiri, mtu analia nimpe hata mkia, na mkia sina!"

"Na yule anayekuja jioni akitaka apunguziwe?"

"Huyo ni mjinga," alisema Bayumi. "Nampa barafu akale."

Insaf alikuwa akitazama dari. Bayumi akafumba mdomo polepole.

"Chumba cha Ras el-Barr siku ya Idi ndicho huyo samaki," alisema Bi Nagwan. "Watu wengi, vyumba vichache. Kila siku inayopita, vinapungua, na vilivyobaki vinapanda bei. Mkisubiri mwezi, mtapiga simu wakati mmoja na Misri nzima."

"Na mwezi wenyewe je?" Bayumi hakukubali kushindwa upesi. "Mimi siwezi kuuamrisha."

"Huna haja. Idi ni Ijumaa au Jumamosi. Basi Jumapili ni Idi, mwezi upende usipende. Siku ya kwanza mnaswali hapa, mnakula keki zenu, mnaamkia wazee. Jumapili asubuhi mnaondoka. Tena usiku wa Alhamisi na Ijumaa ndio ghali kila mahali, maana Ijumaa na Jumamosi watu wamepumzika kazi. Jumapili wengi wanarudi makwao. Mnaingia wao wakitoka."

"Watoto na shule?" aliuliza Insaf.

"Si shule zinafungwa wiki nzima? Basi kaeni mpaka Jumatano."

Bayumi alikuna kidevu. Hesabu ilikuwa nzuri, na hilo lilimuudhi. Akatafuta tundu. "Haya. Nimeweka chumba leo. Kesho kutwa bei ikashuka. Si nitakuwa nimeliwa?"

"Swali zuri," alisema Bi Nagwan, na Bayumi akakaa wima. "Hoteli nyingi zina bei mbili. Moja ni ya chini kidogo, lakini ukilipa umelipa. Hata ukiugua, hela hairudi. Kwa mtu mwenye wasiwasi, hiyo ni mtego. Ya pili ni ya juu kidogo, ila unaruhusiwa kughairi. Wanakupa tarehe. Ukighairi kabla ya tarehe hiyo, hudaiwi kitu. Chukua hiyo. Halafu uwe unaangalia. Bei ikipanda, wewe umeshika chako. Ikishuka, weka chumba upya kwa bei ya chini, ndipo ughairi kile cha kwanza."

"Ndipo," alirudia Insaf, akimkazia macho mumewe.

"Nimesikia."

"Na kabla ya kukubali, uliza kila kitu," Bi Nagwan aliendelea. "Bei ni ya chumba au ya kila mtu? Kodi imo? Kifungua kinywa kimo? Watoto wanalipiwa? Wakuandikie ujumbe kwenye simu. Maneno ya mdomo hupeperuka."

Insaf alichukua simu palepale. Alitazama bei za hoteli tatu. Kisha akazipigia moja moja, maana Bi Nagwan alisema mara nyingine ukiongea na hoteli yenyewe wanakupunguzia. Hoteli ya tatu ilikuwa ya ghorofa nne, karibu na maji. Karani wa mapokezi aliitwa Wagdi. Alijibu maswali yote bila kuchoka. Kifungua kinywa kimo. Kodi imo. Watoto hawalipi. Kughairi ni bure mpaka siku tano kabla ya kufika. Ujumbe ukaingia, Insaf akausoma mara mbili, akamwonyesha Bi Nagwan, kisha akala katayif kwa raha.

Bayumi alisema, "Na tukae tuangalie bei." Masikini, hakuna aliyejua angeangalia kiasi gani.

Kesho yake, kati ya mteja na mteja, alimpigia Wagdi kuuliza bei. Ilikuwa ileile. Siku iliyofuata akapiga tena. Siku ya tatu aliona haya, akabana pua na kujifanya mzee wa Aswan.

"Mwanangu, chumba cha watu wanne, Jumapili hadi Jumatano, ni kiasi gani?"

"Bei ni ya jana, Bwana Bayumi," alisema Wagdi. "Mikizi inatoka leo?"

"Umenijuaje?"

"Mzee wa Aswan hapigi kelele 'Mkizi! Mkizi wa leo!' katikati ya swali."

Wakawa marafiki. Siku moja, wiki moja na kitu kabla ya Idi, Wagdi alimpigia yeye mwenyewe. Kampuni moja ilikuwa imeghairi vyumba vingi, na bei ya siku zile ilikuwa imeshuka.

Bayumi aliruka kama mkizi kwenye ndoo. "Nifutie kile cha zamani! Futa! Futa sasa hivi!"

"Na kipya nimekuandikia?"

Kisu cha kupara magamba kilibaki hewani. Bayumi alisikia neno la mkewe sikioni: ndipo. "Subiri! Usifute! Kwanza andika kipya. Umeandika? Nitumie ujumbe. Umefika. Haya, sasa futa."

Jioni hiyo aliingia nyumbani akitembea kama mkuu wa mkoa. Insaf alisoma ujumbe mpya. Alimwongezea nyama kwenye sahani, na katika nyumba ile hiyo ni hotuba.

Baada ya hapo bei ilianza kupanda. Ilipanda tena mara mbili wiki ya mwisho. Usiku wa kutangazwa mwezi, Bayumi alipiga simu, si kwa shida, kwa raha tu ya kusikia.

"Vimekwisha, Bwana Bayumi," alisema Wagdi. "Hata godoro la akiba nimelitoa. Samahani, kuna simu nyingine sita zinaita."

Mwezi ulikuwa umeonekana. Idi ilikuwa Ijumaa, na haikumsumbua mtu. Ilibaki kazi moja ngumu. Bayumi alimpigia Hajja Tafida kumwambia hawatakuja, akajiandaa kwa lawama.

"Alhamdulillahi!" alisema shangazi. "Mwaka jana mlinimalizia sabuni."

Jumapili wakaenda. Barabarani, upande wa pili, magari ya wanaorudi yalikuwa yamesimama foleni. Upande wao ulikuwa mweupe. Chumba kilikuwa cha ghorofa ya tatu, na bahari ilikuwa dirishani kweli. Watoto waliiona, wakapiga yowe, wakashuka ngazi wakikimbia.

Asubuhi ya pili, Bayumi alitoka kuwatazama pacha mchangani. Aliporudi alimkuta mwanamke wa usafi amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ndani, vitanda vyote vilikuwa vimetandikwa, shuka zimenyooka. Beseni la kunawia lilikuwa linang'aa. Insaf alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu ya bafu.

"Bibi," mwanamke wa usafi alisema, "nina kosa gani kwako? Unataka nifukuzwe kazi?"

Insaf alisimama, kitambaa mkononi. Alikitazama kana kwamba mtu mwingine alikuwa amemwekea. "Mikono imezoea," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nipe hicho kitambaa, kaiachishe mazoea huko." Mwanamke akamwelekeza kwenye kiti kando ya dirisha.

Insaf akaketi, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nyuma yake maji yalimwagika na ufagio ukaanza kazi. Mara mbili alitaka kuinuka. Mara ya tatu aliegemea. Akavua viatu. Akaweka miguu juu ya ukingo wa dirisha, akaiangalia bahari, na wala hakugeuka tena.

"Baba Hanim," alisema baada ya muda mrefu.

"Naam."

"Tutakuja tena majira ya baridi. Uliza bei."

Bayumi alikuwa amekwisha kuinua simu ya chumbani. "Bwana Wagdi! Bei ya katikati ya wiki, majira ya baridi, ni kiasi gani?"

"Bwana Bayumi, uko ghorofa ya tatu. Si ushuke tu uniulize?"

"Nijibu kwanza! Niweke leo?"

"Majira ya baridi?" alisema Wagdi. "Ya nini haraka? Hoteli inakuwa tupu, tunahesabu paka. Wewe ngoja. Nipigie juma lilelile unalotaka kuja, tutapatana bei."

Bayumi alishusha simu taratibu. Uso wake uling'aa kuliko beseni la bafuni. "Mama Hanim," alisema, "ameniambia ningoje."

"Basi ngoja," alisema Insaf, macho yake baharini. "Safari hii nakuruhusu."