Jiwe la Ugoro

Kila jioni baada ya shule, Mutindi alipiga magoti nyuma ya jikoni akasaga ugoro wa Susu, nyanya yake. Majani makavu ya tumbaku, kipande cha magadi, kisha jiwe juu ya jiwe mpaka ulainike kama unga. Susu aliuuza sokoni Mukuyuni, na kiasi chake akakibana mwenyewe kwenye ufizi kutwa nzima.

Mama yake Mutindi alikuwa amefariki. Nyumbani walikuwa wawili tu. Shuleni alikaa dawati peke yake.

"Wee Mama Ugoro, kaa huko! Tutapiga chafya!" Ben, mwanafunzi mwenzake, alisema, na darasa zima likapiga chafya za uongo. Mutindi alijifanya anasoma.

Siku moja jino lilimuuma vibaya. Susu akafanya alivyofanyiwa utotoni: akachota ugoro kwa ncha ya kidole, akaujaza kwenye tundu la jino.

"Vumilia, mwana wakwa. Litakufa ganzi."

Ganzi ilikuja kweli. Kisha jasho, kisha kizunguzungu, kisha matapishi. Jirani akawapeleka zahanati kwa pikipiki.

"Nyanya, umempa nini?" Daktari Musyimi aliuliza.

"Ugoro kidogo tu. Si sigara, hauna moshi."

"Sumu haihitaji moshi. Nikotini imemwingia kupitia kinywa, na magadi huiharakisha. Tena ugoro una kemikali zinazoleta saratani ya kinywa, na unaweza kuwa na madini ya risasi. Huu wa sokoni, nani ameupima?"

Nani? Wakubwa walipita sokoni kila msimu wa kura, wakanusa ugoro wa Susu, wakapiga chafya, wakacheka, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza una nini.

Mutindi aliinua kichwa kitandani. "Daktari, mwangalie Susu pia. Ana doa jeupe mdomoni."

"Nyamaza, mtoto! Sijaletwa mimi."

"Ukifa, Susu, mimi nitabaki na nani?"

Susu alimgeukia daktari. Kisha akafungua kinywa.

Hospitali kubwa ilipima doa lile. Halikuwa saratani bado, lakini walimwambia lingeweza kugeuka asipoacha ugoro. Akaacha. Siku za kwanza aligombana hata na kuku. Sokoni akaanza kuuza ndengu badala ya ugoro.

Shuleni, wenzake walipopiga chafya tena, Mutindi alimgeukia Ben. "Ugoro ulimtia Susu doa jeupe mdomoni. Baba yako huununua; anauweka wapi, puani au mdomoni?"

Ben hakucheka. Saa ya mapumziko alikuja akaketi kwenye dawati la Mutindi. "Hilo doa," alinong'ona, "huonekanaje?"

Jioni hiyo Susu alimwita Mutindi nyuma ya jikoni. Pamoja walilibingirisha jiwe la kusagia ugoro mpaka shimo la taka.

"Nilikutilia sumu kinywani kwa mkono huu unaokupenda," Susu alisema. "Kwa hivyo nisikilize. Mtu akikupa kitu cha kuweka mdomoni, hata akiwa mimi, uliza kwanza kina nini. Asipojua, kiache."