Picha ya Machozi

Kila alasiri Chiriku alivua sare, akafagia vipande vya vitambaa, kisha akashika simu ya mama. Mama alikuwa fundi cherehani. Mikono yake haikubanduka kwenye kazi, kwa hiyo binti ndiye aliyepiga picha za magauni na kuziweka kwenye stetasi ili wateja wazione.

Tangu baba ahame, shauri lao lilikuwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, ambaye angeamua watoto waishi na nani. Jumamosi moja baba aliahidi kuja. Chiriku na mdogo wake wa kike walivaa vizuri, wakakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Baba hakutokea, na mdogo akaangua kilio. Chiriku alipandwa na hasira. Akampiga picha, akaiweka kwenye stetasi na kuandika: "Baba gani huyu? Hatumtaki tena!" Baadaye roho ilimsuta, akaifuta. Alisahau kwamba shangazi yao, dada wa baba, alikuwa mteja wa mama.

Siku ya kikao, baba alimwonyesha afisa picha ile na maneno yake, aliyotumiwa na shangazi kabla haijafutwa.

"Mama huyu anawatia watoto chuki," alisema. "Naomba niwachukue."

"Haki ya Mungu, siyajui maneno hayo!" mama alimaka.

Chiriku alisimama. Akinyamaza, mama angeponzwa na kosa lisilo lake.

"Ni mimi, baba," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mama hakujua. Tulikungoja sana."

Baba aliinamisha kichwa. "Kazi ilinibana gereji. Hata kuwapigia simu sikuwapigia. Nisameheni, wanangu."

Afisa aliamua watoto wabaki kwa mama, na baba awaone kila Jumamosi. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika, binti yangu. Lakini aliyekukosea ni mmoja, nawe ukawaambia watu chungu nzima. Ukifuta kwako, kwao inabaki. Mambo ya nyumbani yakiwa mbele ya sheria, usiyaanike mtandaoni. Mweleze mtu mzima unayemwamini. Nanyi wazazi, msidhani nasema na mtoto peke yake."

Mdogo alivuta mkono wa dada yake. "Kwa hiyo wateja wote waliniona nikilia?"

Chiriku alipiga magoti mbele yake. "Ndiyo, mdogo wangu," alisema. "Na siwezi kuirudisha."