Koti la Koko Kambere

Kila Jumamosi, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Joyeuse alimpa babu yake, Koko Kambere, chai ya moto. Baridi ya Butembo haiwahurumii wazee. Siku hizi Koko alikuwa anasahau sana. Akitoka peke yake, hakujua njia ya kurudi.

"Yaya Jéthro, nakuachia Koko," Joyeuse alimwambia kaka yake Jumamosi moja. "Usitoke."

"Nitoke niende wapi? Mungu ananiona!" Jéthro alijibu, mkono kifuani kama bwana harusi.

Joyeuse aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na mtu. Lile koti kubwa la Koko, la kahawia, lenye kifungo kimoja chekundu, nalo halikuwa msumarini. Jirani alikuwa amemsikia Koko akiimba njiani, peke yake.

"Jéthro je?" aliuliza mama yao, Maman Solange.

"Amekwenda kumutafuta, Maman. Hawezi kumuacha."

Wakakimbilia kituo cha redio.

"Maman, mu Butembo ba Kambere ni wengi kama viazi," alisema mtangazaji. "Alivaa nini?"

Joyeuse akataja koti. Tangazo likatoka: mzee anayesahau, koti la kahawia, kifungo chekundu, ukimwona usimwache.

Hawajakaa sana nyumbani, pikipiki zikaingia uani zikipiga honi.

"Maman, tulimupata! Alijificha mu ciné, pale banaonyesha mupira, alikatala kutoka!"

Aliyeshuka, kola ya koti la Koko imefunika masikio, alikuwa Jéthro.

Watu wakacheka hadi machozi. Joyeuse hakucheka.

"Nilikutetea," alisema polepole.

"Baridi ilikuwa kali, donc nikavaa tu..."

"Na Koko, yeye hasikii baridi?"

"Sema kweli," mama alikatiza. "Jua linashuka. Koko alivaa nini?"

Jéthro aliangalia viatu vyake. "Shati ya kijani. Alishika jembe, akasema anaenda kulima kule Kipese. Nilimuona anatoka. Mais mupira ilikuwa inaanza."

Joyeuse alihisi kama amepigwa kofi. Alimwona!

Tangazo likarekebishwa. Muuza chai mmoja alilisikia, akamshika mkono mzee aliyeketi juu ya gunia la kabichi, mahali yanapopakia magari ya Kipese. Jembe lilikuwa magotini, midomo ikitetemeka.

Koko aliporudishwa, Maman Solange alimgeukia Jéthro. "Redio haina macho, mwanangu. Inaona kwa macho yetu. Muji muzima ulitafuta koti, Koko akiganda. Ukikosea, sema palepale, mutu bado anaweza kuokolewa. Na ukiachiwa mgonjwa, umeachiwa maisha yake."

Jéthro akavua koti, akamvalisha babu yake. Koko akapapasa kifungo chekundu, akatabasamu.

"Asante, kijana. Kwenu walikulea vizuri."

Jéthro akageukia ukuta, akalia.

Joyeuse alimwacha alie kidogo, kisha akampa kikombe cha chai. "Munyweshe Koko," alisema, akaketi mlangoni. "Mimi sitoki."