Mama Vumilia Akatazwa Kuvumilia

Zamani, mtaa mzima ulimjua muuguzi mmoja kwa neno moja. Mtoto akiletwa kwake kuchomwa sindano, alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akampangusa kwa pamba na kumwambia, "Vumilia kidogo, mwanangu." Kabla mtoto hajavuta pumzi ya kulia, sindano ilikuwa imeshatoka. Basi watoto wakambandika jina: Mama Vumilia. Wengine walitimua mbio wakimwona tu akitoka sokoni na kapu lake, ingawa ndani mlikuwa na vitunguu.

Binti yake alikua akinusa spiriti kwenye nguo za mama. Aliipenda harufu ile. Hata leo akifungua chupa ya spiriti, humwona mama akirudi jioni, viatu vyeupe mkononi visije vikaingia matope. Ndiyo maana naye alisomea uuguzi, na neno la mama akalirithi.

Kisha hospitali aliyofanyia kazi ikafungua chumba cha kuwapa wagonjwa dawa za saratani kwa dripu. Kwanza wauguzi walipelekwa mafunzoni. Mwalimu wao alikuwa mfamasia, mwanamke mcheshi, lakini kwenye kazi hana mchezo. Aliwafundisha kuvaa glavu jozi mbili na gauni lisilopitisha maji, maana dawa hizi zinaweza kumdhuru hata anayezishika. Aliwafundisha kusoma wawili pamoja jina la mgonjwa, dawa na kipimo chake.

Siku ya mazoezi, binti alipewa mkono wa mpira. Akaingiza sindano vizuri kabisa. Mfamasia akajifanya ndiye mgonjwa.

"Aa, sista, panawaka moto!"

"Vumilia kidogo, dada yangu, inaisha sasa hivi."

"Acha!" Mfamasia hakuwa anacheka tena. "Umeshaniunguza mkono."

Akaligeukia darasa.

"Sikilizeni," akasema. "Baadhi ya dawa hizi zikipita ndani ya mshipa, zinatibu. Zikivujia nje, zinaunguza nyama. Mtu anaweza kulemaa vidole. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mgonjwa kusema panauma. Sasa wewe umemnyamazisha."

"Lakini mwalimu, neno hilo nimelelewa nalo."

"Ni neno zuri. Kalitumie kwenye chanjo. Kwenye chumba hiki, sema 'Niambie.'"

Binti alirudi nyumbani ameumia moyo, kana kwamba amemvunjia mama yake heshima. Hakumwambia kitu.

Haukupita muda mrefu, mama mwenyewe akakutwa na saratani ya titi. Alikuwa amestaafu, anashona nguo kwa cherehani, na vidole vyake bado viliweza kutia uzi kwenye sindano bila miwani. Siku ya dawa alikataa muuguzi mwingine. "Nimemzaa muuguzi wangu," alisema.

Binti na mwenzake walisoma jina, dawa na kipimo. Akaujaribu mshipa kwa maji ya chumvi, akaona uko sawa. Dawa ikaanza kushuka. Akavuta kigoda, akaketi karibu.

"Mama, ukisikia maumivu au moto, niambie papo hapo."

"Usinifundishe sindano, wewe. Nimechoma mtaa mzima." Mama akatabasamu. "Unamkumbuka yule mtoto wa fundi viatu, aliyening'ata kidole?"

"Si ulikuja nyumbani umefunga bandeji, baba akadhani ni mbwa?"

Walicheka mpaka mgonjwa wa kiti cha pili akacheka nao. Mama akaendelea, "Basi baba yake akamkamata, akam..." Akanyamaza.

Mama hakuwa mtu wa kuacha hadithi njiani. Binti akainua macho. Mkono wa pili wa mama ulikuwa umekamata kiti kwa nguvu.

"Mama, panauma?"

"Kidogo tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Na mficha maradhi, kilio humfichua!" Binti alishafunga dripu.

Ngozi pembeni ya sindano ilianza kuvimba. Hakuichomoa sindano, wala hakusukuma maji ya chumvi, yasije yakaisambaza dawa. Kupitia sindano ileile alivuta kwa bomba la sindano dawa aliyoweza kuirudisha. Mwenzake akamwita daktari. Binti akachora kwa kalamu kuzunguka uvimbe, waone kama unaenea, akauinua mkono juu ya mto. Daktari akaja, akatoa matibabu yanayofaa kwa dawa ile.

Machozi yakamtoka mama. "Nilidhani nakupunguzia kazi, mwanangu."

"Mama, ukisema panauma, ndipo unaponipunguzia." Na yeye akalia. Moyoni alikuwa ameshaviona vidole vile vimelemaa, vikishindwa kutia uzi.

Uvimbe ulikaa siku chache, ukaisha. Mama akarudi kwenye cherehani yake, na zamu yake ya dawa ilipofika, akarudi hospitali. Kwenye benchi alimkuta mwanamume mwenye upara, ana hofu, anachezea kofia yake. Mtu huyo alimtazama, akatazama tena.

"Mama Vumilia?"

Mama akamkagua usoni, kisha akakitazama kidole chake mwenyewe chenye kovu dogo. "Mtoto wa fundi viatu! Umekuja kumaliza kidole?"

Walishikana mikono, wakacheka. Kisha mwanamume akainamisha kichwa. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Naogopa, mama. Haya, niambie lile neno lako."

Mama akageuka kumtazama binti yake, aliyesimama mlangoni akivaa glavu.

"Humo ndani, mwanangu," akasema, "ukivumilia, nitakung'ata mimi."