Lantana Iliyotupwa Mtoni

Kila Ijumaa ya mwaka ule wa 1974, majirani wa kijito kimoja karibu na Ikonge walifanya risaga, yaani kazi ya zamu: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Safari hii hawakulima wimbi. Waling'oa lantana, kichaka cha miiba kilichopandwa zamani kuzungushia maboma, kikatoroka na kumeza malisho. Palipokuwa peupe, wanafunzi walipanda miche ya mikuyu ili kijito kipate tena kivuli chake.

Bitutu wa darasa la sita alipewa kazi ya kubeba matawi hadi juu mlimani, kwenye rundo la kuchomwa. Jua lilikuwa linashuka. Likizama tu, Sabato imeingia, na hakuna Msabato atakayegusa kazi.

"Kobe wewe!" Makori, mwanafunzi mwenzake, alimcheka akimpita. "Sabato itakukuta hapa na miiba kichwani!"

Bitutu alipandwa na hasira. Akatazama mlima, akatazama jua. Kisha akausukuma mzigo wote mtoni na kukimbia nyumbani.

"Umemaliza?" akauliza nyanya yake, Magokoro Orpah, msimamizi wa risaga.

"Nimemaliza, Magokoro."

Kesho yake kanisani hakutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Mvua ilipoanza kupiga mabati, akakikumbuka kijito. Matawi yale yangenasa kwenye daraja la magogo, chini kidogo ya miche! Maji yangefurika na kuing'oa, na matunda ya lantana yangebaki topeni yaote upya.

Akavuta leso ya nyanya yake. "Magokoro, nilikudanganya. Matawi niliyatupa mtoni."

Magokoro alimkazia macho. "Na unaniambia leo, siku ya mapumziko?"

"Tukingoja kesho, miche itakwisha."

"Nyumba ikiungua siku ya Sabato, tunakaa kuimba?" Magokoro akainuka, akamwona Makori benchi la nyuma. "Twende! Na wewe Makori, mwenye mdomo mrefu, twende!"

Pale darajani maji yalikuwa yamefika magotini. Wakayavuta matawi, miiba ikiwachana mikono.

"Vuta, kobe!" Makori akapiga kelele.

"Vuta wewe! Kelele haivuti!"

Tawi la mwisho lilipochomoka, maji yakateremka kwa kishindo. Miche ya mstari wa mbele ilikuwa imekwenda. Mingine ilisimama, imejaa tope.

"Nitapanda mingine badala yake," Bitutu alisema huku akilia.

"Utapanda, na utapalilia," alijibu Magokoro, akimfunga kidole kilichotoka damu. "Sikia, mjukuu wangu. Kitu kikitupwa mtoni hakipotei, kinakwenda shambani kwa mwingine. Ukichoka, sema umechoka, tutakusaidia kubeba. Lakini usiseme umemaliza kazi uliyomsukumia mwenzako."